Nilimnyima baba mkwe saladi kwa makusudi, akanifungulia kesi ya ukoo

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimekuwa msomaji wa kimyakimya muda mrefu, leo na mimi naweka la kwangu. Haya yametokea nyumbani kwangu, jikoni kwangu, na mhusika ni baba mkwe wangu mwenyewe. Atakayesema ni chai, aipulize anywe taratibu. Mimi nilikuwepo.

Niko Marekani, Minnesota, upande wa Apple Valley. Mimi ni Mluguru wa Morogoro, nimeoa Upareni.

Waliooa kule wameshaanza kutabasamu, maana wanajua ukichukua binti wa Kipare unachukua na mahakama yake. Tulieni, tutafika.

Wife ni nurse, anapiga shift za usiku. Mimi nafanya kazi hoteli moja kule Bloomington karibu na airport, naingia alfajiri natoka mchana. Kwa hiyo kuanzia mchana jiko ni langu. Wala sioni aibu, napika vizuri kumzidi yeye. Bahati nzuri hayumo humu.

Sasa majira ya baridi yaliyopita, baba mkwe akaja kututembelea. Tumwite Mzee Mbwambo. Mwalimu mkuu mstaafu kutoka Usangi, kule kule Upareni, mrefu, mkavu, anavaa koti la suti hata akienda kutupa takataka nje. Akiongea Kiingereza utadhani anasoma taarifa ya habari.

Mzee ana sukari. Tulijua anayo, ila tulidhani anaiangalia. Kumbe kule nyumbani dawa alikuwa anakunywa akikumbuka, na chai alikuwa anaiwekea sukari mpaka kijiko kinasimama.

Tukampeleka kliniki. Majibu yakatoka mabaya. Daktari akamwambia bila kumzunguka: badilisha chakula, kunywa dawa kila siku, la sivyo tunaanza sindano za insulini, na miguu na macho tutakuwa tunaviombea tu.

Kwenye gari wife akalia. Mdogo wake Mzee, baba yake mdogo yeye, alikatwa mguu kwa ugonjwa huu huu. Wife ndiye aliyemuuguza.

Mzee mwenyewe kakaa kiti cha nyuma, anaimba tenzi kwa sauti ya chini. Tulipokaribia nyumbani akauliza, "Leo kuna makande?"

Usiku ule wife akanipa amri kabla hajaenda kazini. Dawa atazisimamia yeye. Chakula ni mimi. Nusu ya sahani iwe mboga, ugali usizidi ngumi, na saladi itangulie kuliwa kabla ya kingine chochote.

"Saladi ni kazi yako mume wangu. Nakuamini."

Kosa la kwanza, akaniamini.

Nilipita supermarket nikanunua ile saladi iliyofungwa tayari kwenye mfuko, ina kila kitu ndani mpaka kachupa ka dressing, ule mchuzi wa kumwagia juu. Nikaimwaga kwenye bakuli, nikajiona mpishi wa ikulu.

Mzee akala vizuri sana. Nilipotazama bakuli, majani yote yapo! Alichokula ni vile vitunda vikavu vyekundu, vipande vya mkate wa kukaanga, na ile dressing, aliinamisha bakuli akainywa kama uji.

Tulipompima sukari baadaye, wife akaitazama mashine, akanitazama mimi. Akaenda kuifukua ile chupa kwenye takataka akaisoma.

"Umempa baba syrup."

Ni kweli, ilikuwa tamu kuliko soda. Wakuu, hizi dressing za dukani someni kwanza nyuma ya chupa. Nimemaliza.

Basi nikaamua kujifunza mwenyewe. Ngoja niwape yangu hapa, mwenye mgonjwa anaweza kuijaribu.

Kabichi unaikata nyembamba kama nywele. Sukuma wiki, huku wanaiita kale, unatoa mshipa wa kati, unakatakata, halafu unaiminya kwa mikono na limao na chumvi kidogo mpaka inalegea. Usipoiminya ni kama kutafuna turubai.

Tango na ganda lake. Nyanya ngumu. Hoho. Figili chache kwa ajili ya ule ukali. Kitunguu unakiosha kwa chumvi kama cha kachumbari. Karoti kidogo tu, ya rangi.

Parachichi unakata mwisho. Giligilani. Pilipili mbuzi kwa anayeweza. Halafu limao, mafuta ya zeituni kijiko kimoja, na juu yake karanga za kukaanga ulizoziponda zikabaki na chembechembe.

Hakuna sukari, hakuna asali, hakuna mayonnaise, hakuna mahindi wala viazi ndani. Pembeni samaki wa kuoka au kuku asiye na ngozi.

Nikaiweka mezani. Naapa ilikuwa inanukia.

Mzee akavaa miwani. Akaitazama. Akavua miwani.

"Mkwe, hii ni ya nani?"

"Ni yako, Baba."

"Nimefuga ng'ombe na mbuzi tangu nina akili," akasema polepole. "Sikujua itafika siku watoto wangu watanipa chakula chao."

Akaisukuma na kidole kimoja tu, kama mtu anayefunga mlango asiamshe mtoto.

Sasa hapo ungefanyaje? Yule ni mkwe. Huwezi kumfokea, huwezi kumlazimisha, hata kumkazia macho ni tatizo. Nikasema "Sawa Baba," nikaondoa bakuli.

Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa akasema anaumwa jino. Siku nyingine nikamkuta anahamishia kwenye sahani ya binti yetu, mtoto anamwambia, "Babu, I already ate mine."

Halafu ghafla akaanza kumaliza.

Nikafurahi! Nikampigia wife kazini kumwambia tumeshinda. Mzee anaomba saladi yake apeleke chumbani, bakuli linarudi jeupe.

Siku moja narudi mchana, theluji imeanguka usiku, uwani kote kweupe. Nikaona alama za sungura. Sio mmoja, ni mkutano. Zote zinaelekea chini ya dirisha la Mzee.

Nikaenda kuangalia. Kabichi yangu ile, tango langu lile, sukuma niliyoiminya kwa mikono hii. Na sungura mmoja kanona mpaka kukimbia anaona uvivu, ananitazama kama ananidai figili.

Nilirudi ndani nina hasira, wakuu, sitaki kudanganya.

Ikafika Jumamosi. Tulikuwa na mgeni, Papa Jérémie, Mkongo tunayesali naye, anakaa Saint Paul kule Frogtown. Yeye na Mzee walipendana tangu Jumapili ya kwanza. Nikatengeneza saladi kubwa, nikaiweka kwenye bakuli la kioo, nikaifunika.

Mzee akaingia jikoni. "Hiyo ni nini?"

Na mimi bado nina zile hasira za sungura. Nikamjibu bila kufikiri:

"Hii si yako, Baba. Ni ya wageni. Naomba usiiguse."

Nikaiweka juu kabisa ya kabati nikaenda kuoga.

Wakuu, uso wa Mzee ulibadilika. Mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyekuwa akikohoa shule nzima inanyamaza, anaambiwa usiguse na kijana wa Kiluguru.

Nilipotoka kuoga, bakuli liko palepale. Mfuniko upo palepale. Nikalishusha. Mbona jepesi?

Nikaangalia kwa pembeni kwenye kioo. Mtu kachimba handaki! Kaingilia ubavuni, kala katikati yote, kaacha paa la kabichi juu ili lionekane zima.

Nilikaa chini pale jikoni nikacheka bila sauti mpaka machozi yakatoka.

Papa Jérémie alipofika nikamhudumia iliyobaki. Mzee akakaa naye mezani, ana kipande cha giligilani kwenye sharubu.

Kuanzia siku hiyo nikabadilisha biashara.

Kila mchana natengeneza saladi. Natangaza kwa sauti: hii nampelekea bosi wangu kesho. Hii ni ya shughuli ya kanisani. Hii ni ya wife, ameniomba sana, mtu asithubutu. Naiweka juu ya kabati, natoka "kusafisha theluji" hata kama hakuna theluji.

Nikirudi, handaki.

Raha ya kumlisha mtu anayeiba ni kwamba hawezi kulalamika chumvi imepungua. Nikaanza kuongeza sukuma. Kimya. Nikaongeza figili. Kimya. Nikaweka mpaka broccoli mbichi, kitu ambacho hata mimi sili. Kimya kabisa, ila usiku nilimsikia anacheua.

Na uzuri wake ni kwamba anaiba kabla ya chakula. Ugali ukija, tumbo limeshajaa majani. Anamega mara mbili tatu, anasema siku hizi hewa ya huku inamkata hamu.

Namba kwenye mashine ya sukari zikaanza kuteremka taratibu. Dawa anakunywa, wife anasimamia, na majani yanaingia. Wife akawa haelewi.

"Baba anakula nini? Saladi si amekataa?"

Nikamwambia siri. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Nikamwapisha asiseme kwa mtu.

Sasa hapa ndipo Upareni ilipoamka.

Kumbe Mzee muda wote huo alikuwa anaumia kwa dhati. Si njaa. Ni heshima. Akachukua simu, akarekodi sauti kwenye group la ukoo:

"Ndugu zangu, mimi huku Marekani ni mzima. Ila nyumba hii chakula kipo, na kinafichwa. Mkwe anapika vizuri, anawapa wazungu wa kazini kwake. Mimi naambiwa nisiguse. Sina zaidi."

Aliposema hana zaidi, group likalipuka.

Shangazi Damari, dada yake Mzee, ndiye mwenye sauti kwenye ukoo ule. Akaitisha kikao. Jumamosi, kwetu asubuhi, kwao jioni, video call. Nikaambiwa nisipange kitu kingine.

Siku ya siku tukaketi sebuleni. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Kwenye kioo naona shangazi, baba wadogo, mashemeji, na watu wengine ambao mpaka leo sijui ni nani kwangu ila wamekunja sura.

Mzee kakaa pembeni na koti lake. Na kaleta shahidi. Papa Jérémie yule, kavushwa mto kutoka Frogtown kwa ajili ya kesi.

Shangazi akafungua kwa sala. Akamuuliza shahidi anajua nini.

"Mama, njo vile," Papa Jérémie akasema, mkono kifuani. "Mi niliona na macho yangu. Ile salade iko bien, muzuri sana. Lakini beau-fils, huyu mukwe, anaiweka kule juu, juu ya placard. Muzee hawezi kufika bila kiti. Hii haiko respect."

Kule Tanzania watu wakaguna.

Mzee akainama kwa huzuni. Alivyo mrefu hahitaji kiti chochote, ila hakumsahihisha shahidi wake.

Shangazi akanigeukia. "Mkwe, tunakuheshimu. Nakuuliza mara moja. Ulificha chakula au hukuficha?"

Wakuu, hebu kaeni kwenye kiti changu.

Nikisema ukweli, nimepona. Watanicheka, wataniita mwerevu, kesi imekwisha. Ila Mzee ataaibika mbele ya ukoo mzima, na jioni ile ile saladi inarudi kwa sungura. Halafu sindano. Halafu nikamkumbuka yule baba mdogo na mguu wake.

Wife alikuwa ameshafungua mdomo. Nikamshika goti.

"Nilificha, Shangazi."

"Kwa nini?"

Nikachukua la kwanza lililokuja mdomoni:

"Uchoyo, Shangazi."

Baba mdogo mmoja akavua kofia kama kuna msiba. Mtu mmoja nyuma akasema wazi, "Nilisema mimi, Morogoro."

Wakajadili kwa Kipare, muda mrefu. Mimi nakaa nafikiria jina langu.

Hukumu ikatoka. Kwanza nimwombe Mzee radhi. Nikapiga goti, nikaomba. Pili nimnunulie blanketi zito, kuonyesha moyo umelainika.

Tatu, na Shangazi akainua kidole: kuanzia leo, kila jioni, Mzee apewe hiyo saladi. Bakuli lake mwenyewe, kubwa kuliko la mtu yeyote mezani. Apewe yeye kwanza. Na mkwe asile chochote mpaka amwone Mzee amemaliza.

Wife akajifanya anakohoa, akakimbilia chooni. Kutoka sebuleni nilimsikia anacheka ndani ya taulo.

Mimi nikainamisha kichwa. "Nimepokea, Shangazi." Moyoni nacheza ngoma ya Kiluguru peke yangu.

Basi, jioni zikawa hivi: bakuli linafika, Mzee anakunja mikono ya koti, ananitazama mimi niliyekaa na sahani tupu, anasema, "Hukumu itekelezwe."

Na anakula yote. Kwa madaha. Broccoli anaitafuna huku kanikazia macho.

Tuliporudi kliniki, daktari akatazama majibu mara mbili. Sukari imeshuka vizuri. Hakuna insulini kwa sasa, aendelee na vidonge na chakula. Akamuuliza Mzee amewezaje, wengi saladi inawashinda.

Mzee akajiweka sawa kwenye kiti. "Doctor, I was denied it. I took the matter to the family court, and I won."

Daktari akatutazama. Mimi nikatazama dari.

Ingeishia hapo ingekuwa safi. Ila group la ukoo halisahau. Nikawa mfano. Binti akichumbiwa, Shangazi anarekodi sauti: chunguzeni kwanza, msije mkapata kama yule wa Marekani. Shemeji mmoja alikuwa akinisalimia "habari za kabatini."

Mimi nilikuwa navumilia. Wife akashindwa. Jumapili moja tunatoka kanisani, tuko darajani juu ya mto, akamwambia baba yake kila kitu. Bosi hakuna, shughuli ya kanisani hakuna. Mpaka sungura akawataja.

Mzee alitazama nje dirishani mpaka nyumbani.

Jioni ile hakuja mezani. Kesho yake alikula ugali na mtindi, bakuli likabaki lilivyo. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Hakunikasirikia. Ananiita mkwe kama kawaida, anaitikia shikamoo. Ila bakuli haligusi.

Nilijisikia vibaya, wakuu. Nilijua nimeharibu. Na tarehe ya tiketi yake ya kurudi ilikuwa imekaribia.

Jumamosi asubuhi nikashuka jikoni nikamkuta amesimama mbele ya ubao wa kukatia. Kavaa koti. Ana kabichi nzima na kisu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Mkwe, njoo unifundishe hii kitu."

Nikasogea karibu.

"Kule kwangu," akasema bila kunitazama, "tangu mama yenu afariki, nakula ninachotaka. Hakuna wa kuniambia hapana. Nikaona nimekuwa mtu huru." Akaigeuzageuza kabichi. "Nikirudi hakuna wa kuninyima, mkwe. Itabidi nijue kuitengeneza mwenyewe."

Nikanawa mikono.

Kabichi aliikata vipande vinene vya kulishia ng'ombe, nikamwambia nyembamba zaidi, Baba. Sukuma aliiminya mpaka maji yakamrukia kwenye tai. Kitunguu kikamliza, akasema ni moshi, wakati jiko letu ni la umeme.

Alipomaliza akaonja. Akaongeza limao. Akaonja tena.

"Yako ilikuwa imepungua chumvi," akasema. "Muda wote ule. Nilikuwa siwezi kusema."

Tukala wote wawili kwenye bakuli moja, tumesimama.

Amerudi Usangi sasa. Ananitumia picha. Figili hazipatikani, anaweka mchicha mbichi, anauliza kama inaruhusiwa. Namwambia inaruhusiwa. Sukari anapima kila asubuhi.

Nilichojifunza, kwa wenye wazee wa hivi: mzee anapokataa chakula, mara nyingi anachokataa ni kuamriwa na mtoto aliyemlea mwenyewe au na mtu aliyeoa kwake. Mwachie nafasi ya kuamua yeye, hata kama inabidi wewe uonekane mbaya kwa muda. Na dawa zisiachwe, saladi si badala ya dawa. Mimi si daktari, mimi ni mkwe mchoyo tu.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye wazazi wenye sukari mnawalishaje? Wanaoweka kitu kizuri zaidi kwenye saladi tupeane. Na Wapare mliomo humu msinishushie mvua ya rufaa, ila mkija Apple Valley, karibuni chakula. Kabati langu siku hizi halina kitu juu.